Watoto Wetu, Safari na Vitabu vya Picha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darsa yetu ya baada ya Ishaa ndugu mmoja aliuliza masuala mawili kwa pamoja. La kwanza: je, yafaa baba Muislamu kutumia fedha zake kuwapeleka watoto safari wakati skuli zinapofungwa, na hali safari hiyo si ya Hija, wala ya biashara, wala ya kumzuru mgonjwa? La pili: je, yafaa kuwanunulia watoto vitabu vyenye picha za watu na wanyama? Waliohudhuria waligawanyika. Wako waliosema kwamba yote mawili ni anasa tuliyoiiga kwa wageni, na wako waliosema kwamba zama zimebadilika na wala hapana haja ya kuuliza. Mimi usiku ule sikujibu ila kwa ufupi, kwa sababu masuala hayo yalinigusa mwenyewe. Leo naandika jawabu, na ndani yake mna aibu yangu, ambayo sikuona vema kuificha, huenda ikamfaa mzazi mwingine.

Khabari ya picha

Natuanze na suala la pili, kwa kuwa ndilo lenye maneno mengi. Hapana shaka kwamba ziko Hadithi sahihi zenye makemeo makali kwa wenye kuchora sura za viumbe vyenye roho, na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamekaza sana katika jambo hili. Wako katika wema waliotangulia waliosema kwamba kilichokatazwa ni sanamu yenye kivuli tu, si kilichochorwa juu ya kitambaa. Na Imamu Nawawi ameitaja kauli hiyo kisha akaikataa. Basi mwenye kusema kwamba jambo hili halina khitilafu amekosa, na mwenye kusema kwamba halina uzito amekosa zaidi.

Lakini suala letu ni la watoto, na watoto wana mlango wao katika elimu hii. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere aliokuwa akichezea. Siku moja Mtume (S.A.W.) alirejea kutoka vitani, na upepo ukalifunua pazia, akawaona wanasesere hao, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akauliza ni nini kile. Akajibiwa kuwa ni farasi. Akauliza tena, farasi gani huyo mwenye mbawa? Bibi Aisha akamkumbusha kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Kwa Hadithi hii na nyingine za namna yake wengi wa wanavyuoni wametoa ruhusa ya wanasesere kwa watoto, kwa kuwa ni katika malezi.

Tuitazame vema Hadithi hii, maana wengi wetu huisoma kwa kutafuta hukumu tu, tukayaacha mafunzo yake. Mtume hakukichukua kile kitu wala hakukivunja. Aliuliza. Kisha akauliza tena. Kisha akasikiliza jawabu, akafurahi nalo. Wangapi katika sisi, tukimkuta mtoto na kitabu chake, tumepata kumuuliza hata mara moja: ni nini hiki, na hiki je?

Tena Mtume mwenyewe alifundisha kwa kuchora. Ibn Masud (R.A.) ameeleza kwamba alichora umbo la mraba, akapitisha mstari katikati yake hata ukatokeza nje, na kando ya mstari huo akaweka mistari midogo midogo. Akawabainishia kuwa mstari wa kati ni binadamu, na mraba ni ajali yake iliyomzunguka, na kilichotokeza nje ni matumaini yake, na mistari midogo ni misiba ya dunia. Hii imo katika Bukhari. Mwalimu mwenye ufasaha kuliko watu wote hakuona haya kusaidia ulimi wake kwa michoro. Wala picha katika vitabu si jambo la Wazungu peke yao. Ibn al-Muqaffa, aliyeleta Kalila na Dimna katika Kiarabu katika karne ya 8, ameeleza faida ya picha za wanyama katika kitabu hicho. Na pale Baghdad, mwaka 1237, Yahya al-Wasiti alimaliza nakala ya Maqamat ya al-Hariri yenye picha za misikiti, masoko, misafara na watu walio safarini.

Nilionalo mimi ni hili. Kitabu cha mtoto, kinachofunguliwa na kufungwa, kisichotundikwa ukutani wala kutukuzwa, kiko karibu zaidi na wanasesere wa Bibi Aisha kuliko sanamu zilizokemewa. Na mwenye kutaka kujihadhari zaidi asilaumiwe. Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji mmoja achore miti na visivyo na roho, basi naye na awanunulie watoto wake vitabu vya miti, majahazi, nyota na milima. Lakini asidhani kwamba kwa kufanya hivyo amekwisha maliza kazi ya malezi. Mimi nilidhani hivyo, na nitaeleza yaliyonipata.

Khabari ya safari

Ama safari, wako wanaotaja Hadithi inayoeleza kwamba safari ni kipande cha adhabu, na kwamba msafiri akisha haja yake na afanye haraka kurejea kwa watu wake. Hadithi ni sahihi, lakini inaeleza mashaka ya safari, haikuikataza. Na Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake ametuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame: tutazame mwisho wa waliokadhibisha, na tutazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Ametuuliza kwa nini hatumtazami ngamia alivyoumbwa, na mbingu zilivyoinuliwa, na milima ilivyosimikwa. Amri hizi hazikuhusishwa na wafanya biashara, wala na watu wazima tu.

Na fedha anayoitumia mtu kwa watu wa nyumbani kwake, nia ikiwa njema, ina ujira mkubwa kwa Mola wake. Linalokatazwa ni ufujaji na kujionyesha. Baba anayekopa ili watoto wake walale siku mbili katika hoteli ya ufukweni, apate kuwaonyesha majirani picha zao, huyo amenunua sifa, wala hakununua safari. Na ni ajabu ya miji yetu kwamba tangu reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, watu wa bara huja kwa maelfu kila likizo kuwaonyesha watoto wao bahari. Twawaona wakitembea mbele ya nyumba zetu, twawauzia madafu na kachiri, na wengi wetu hatujawahi kufika kwao hata siku moja. Wao wanajua kwetu kulivyo. Sisi twajua kwao kwa kusikia.

Yaliyotupata Malakisi

Miaka kadhaa iliyopita mwanangu wa kiume, naye wakati huo ana miaka sita, alipewa na shangazi yake kitabu cha picha za wanyama. Nikakichukua nikakifungia kabatini. Sikumweleza sababu, wala sikumpa kingine badala yake. Nikajiona nimemlinda.

Shangazi yake huyo, ambaye ni dada yangu mdogo, ameolewa Malakisi na Muislamu wa Kibukusu. Kwa wasiopajua, Malakisi ni mji mdogo katika Kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda, chini ya Mlima Elgon ambao kilele chake kina mita 4,321. Watu wake ni wakulima wa mahindi na tumbaku, na pana kiwanda cha kuchambua pamba, kwani zamani pamba ilikuwa na soko kubwa huko. Unapita mto uitwao kwa jina hilo hilo la Malakisi, ukiteremka kutoka mlimani kwenda Uganda. Dada yangu alikuwa akituita kila mwaka, nami kila mwaka nikitoa udhuru. Agosti 2024 nilikosa udhuru, nikafuatana na mke wangu na watoto wawili, yule mvulana aliyekuwa amefika miaka tisa, na binti mdogo wa miaka mitano.

Tulipanda gari la moshi Miritini asubuhi. Katika mbuga za Tsavo watoto wakaona ndovu, wekundu kwa vumbi la nchi ile, wakapiga kelele kwa furaha. Mwanangu akaniuliza kwa nini ni wekundu, na katika kitabu chake walikuwa wa kijivu. Kitabu alikuwa bado anakikumbuka baada ya miaka mitatu! Mimi nilikuwa nimeinamia simu yangu, nikamwambia anyamaze atazame. Kutoka Nairobi tukapanda basi, tukapita Nakuru na Eldoret na Webuye mpaka Bungoma, safari ya zaidi ya kilomita 850 tangu nyumbani. Na katika njia yote hiyo sidhani kama niliwaambia watoto wangu maneno ishirini yasiyokuwa ya kula na kulala.

Siku ya tatu Malakisi, wakati wa alasiri, tukasikia njuga. Mwaka ule ulikuwa wa shufwa, na Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa. Akatokea mvulana wa kiasi cha miaka kumi na tatu, ameshika njuga za chuma mikononi, akizigonga kwenye vyuma alivyovaa, mwili umepakwa unga na shanga zimepishana kifuani, na nyuma yake kundi la vijana wanaimba. Alikuwa amekuja kumwalika mjomba wake, naye ni shemeji yangu. Sisi tulikuwa tumesimama mlangoni pamoja na mama mzazi wa shemeji, mwanamke mzee asiyekuwa Muislamu, aliyetukaribisha kwa kutupa kitanda chake mwenyewe. Mwanangu akanivuta kanzu, akasema kwa sauti iliyosikiwa na wote: "Baba, hawa ndio wale washenzi?"

Ndugu zangu, neno baya lilikuwa "washenzi", lakini lililonichoma ni lile "wale". Mtoto hasemi "wale" ila kwa watu aliokwisha kuambiwa khabari zao. Na skuli hawakumwambia, wala kitabu hakikumwambia, maana kitabu nilikifungia kabatini.

Nilitaka kumpiga. Yule bibi akanizuia kwa mkono, akasema kwa Kiswahili chake: "Mwache, baba. Mtoto hazaliwi na neno mdomoni. Amepewa." Kisha akamshika mwanangu mkono, akamketisha juu ya jiwe, akamweleza kila alichokiona. Akamwambia kwamba yule kijana anawaita jamaa zake washuhudie. Kwamba siku yenyewe atapelekwa mtoni kabla ya jua kupanda, apakwe matope ya baridi, arudi kwa miguu mpaka uwanjani kwa baba yake, asimame mbele ya watu bila ya kupepesa macho. Na kwamba akisha kupona wazee watamfundisha kuheshimu watu, naye atahesabiwa katika rika lake. Akamtajia marika manane ya Wabukusu, ambayo huzunguka yakarudi tena baada ya miaka kiasi cha mia moja. Mwanangu akasikiliza, kisha akamuuliza: "Kwani na wao wanatahiriwa kama sisi?" Yule bibi akacheka, akasema: "Kumbe nawe umetahiriwa? Basi ninyi ni ndugu." Tangu saa ile mwanangu hakumwita ila "kukhu", kama waitavyo wajukuu wake wa damu.

Usiku, baada ya kuswali, mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka saba, aliniletea kitabu chake cha picha nimsomee. Jina la kitabu silitaji. Akafungua ukurasa uliochorwa mji wa pwani. Palikuwa na mnazi, na chini ya mnazi mtu wa kanzu na kofia, amelala, mdomo wazi, na dafu liko kando yake. Akaniuliza kwa adabu: "Mjomba, ni kweli watu wa pwani hulala tu?"

Nikaona uso wangu unawaka. Nilimwambia kwamba marehemu babu yake, baba yangu, alikuwa seremala, akiamka kabla ya alfajiri akaswali, na jua likipanda alikwisha kuranda mbao mbili. Nikamwambia juu ya wavuvi wanaokesha baharini, na wachukuzi wa bandarini, na mama zetu wanaokaanga maandazi saa kumi za usiku ili watoto wa watu wapate kula asubuhi. Yule mtoto alinisikiliza mpaka mwisho, akaitazama tena ile picha, akasema: "Basi aliyechora hakufika kwenu."

Sikulala usiku ule ila kidogo. Nilikuwa nikijiuliza: na mimi, nilipomchorea mwanangu watu wa bara, nilikuwa nimefika kwao?

Picha zisizo wino

Hapa ndipo lilipo jawabu la masuala yote mawili. Sisi twabishana juu ya picha za wino, ilhali kila mzazi ni mchoraji, na wino wake ni ulimi. Kabla mtoto hajashika kitabu chochote, sisi tumekwisha mchorea watu wote wa dunia. Tumemchorea anayesukuma mkokoteni wa maji, na bawabu wa usiku, na binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Akikosea mmoja, twasema mbele ya mtoto: "Watu wa bara ndivyo walivyo." Twakaa barazani tunacheka namna wanavyotamka maneno, na mtoto amekaa kando anachezea kiatu, nasi twadhani hasikii. Picha hizo hazitiwi kabatini. Na kitabu kibaya chaweza kuchanwa, lakini lililochorwa katika moyo wa mtoto kwa sauti ya baba yake halichaniki.

Ni wajibu wetu tukumbuke khabari ya Abu Dharr (R.A.), mmoja katika walio bora wa Masahaba. Aligombana na mtu akamtukana kwa mama yake, ambaye hakuwa Mwarabu, na wengi husimulia kwamba mtu huyo alikuwa Bilal (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimkemea kwa kumjulisha kuwa yeye ni mtu ambaye ndani yake bado mna ujahili. Fikirini jambo hili. Abu Dharr alikuwa amekwisha kusilimu zamani, ameswali na ametoa mali yake, na bado lilikuwapo pembeni mwa moyo wake jambo alilolelewa nalo. Ibada haikulitoa lenyewe mpaka alipoonyeshwa. Basi je, sisi tusioonyeshwa?

Na Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Sura ya Hujurat, watu wasiwadharau watu wengine, kwani huenda wakawa ni bora kuliko wao. Kisha katika Sura hiyo hiyo ametueleza kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Makabila yaliwekwa kwa ajili ya kujuana, nasi tumeyageuza kuwa sababu ya kutojuana.

Wako watakaosema: "Sheikh, je, unataka tusifu kila mila?" La, sisemi hivyo. Pombe inayonywewa katika sherehe ni haramu Malakisi kama ilivyo haramu Mombasa, na yapo mengine katika ada zile ambayo sharia yetu haiyakubali, kama yalivyo mengi katika harusi zetu wenyewe ambayo sharia haiyakubali. Kukikataza kitendo ni dini. Kumdharau mtu ni kiburi, na kiburi hakina madhehebu yanayokiruhusu. Na mtoto aliyefundishwa dharau hawezi kumwita mtu yeyote katika Uislamu, kwa kuwa hapana aitikaye wito wa anayemcheka.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba mwenye kumwonyesha mtoto dunia yampasa amwonyeshe kurasa zote. Sisi twapenda kuwasimulia watoto wetu kwamba misafara ya wazee wetu katika karne ya 19 ndiyo iliyoufikisha Uislamu Mumias, katika nchi ya Nabongo. Hilo ni kweli, na ni la kushukuriwa. Lakini misafara ya pwani ilichukua pembe za ndovu na watumwa pia, na ukurasa huo tukiufikia twaufunua upesi. Shemeji yangu alitusimulia kwamba mwaka 1895 Wabukusu walipigwa na jeshi la Waingereza katika ngome yao ya Chetambe, karibu na Webuye. Na pale pale Malakisi, Februari 1948, polisi wa serikali ya kikoloni waliwapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa waliokusanyika, wakafa watu 11. Kiongozi wao, Elijah Masinde, alikamatwa mwezi huo huo akapelekwa uhamishoni Lamu.

Lamu! Mji ambao sisi twauita wa elimu na wa Maulidi, watu wa Malakisi waliusikia kwanza kuwa ni mahali alikopelekwa mtu wao. Mimi nimesoma Lamu, nimekaa na mashekhe zake, na sikuwahi kusikia mtu yeyote akilitaja jina lake. Itikadi ya Masinde si yetu wala hatuikubali. Lakini mwanangu aliponiuliza kwa nini watu wale walipigwa risasi, sikuweza kumjibu kwa kusema kwamba hawakuwa Waislamu. Nilimwambia ukweli: kwamba walikuwa wakidai nchi yao kama walivyokuwa wakidai watu wengine, na kwamba kumuua mtu bila ya haki ni dhambi kubwa, awe nani aliyeuawa.

Lipi la kufanya

Kwa hayo yote, jawabu langu kwa ndugu aliyeuliza ni hili: kitabu cha picha chafaa na safari yafaa, kwa sharti moja, nalo ni mzazi awepo. Kumpa mtoto kitabu ili atuondokee si malezi. Kumpeleka safari na sisi tumeinamia simu si safari. Kitabu na njia havisemi vyenyewe. Anayekaa karibu na mtoto ndiye anayevipa ulimi. Na kwa kulifafanua hilo nasema mambo manne.

Kwanza, kabla ya kununua kitabu, na tukisome sisi. Tutazame kimewachora vipi watu: maskini, wanawake, watu wa dini nyingine, watu wa bara, na sisi wenyewe. Tukiona uwongo tusikichane kimya kimya kama nilivyofanya mimi nilipokifunga kimya kimya. Tumwonyeshe mtoto uwongo huo tumweleze, ili ajue kwamba si kila kilichochorwa ni kweli.

Pili, asiyekuwa na nauli asijihisi kuwa amekosa. Mwenye kukaa Mombasa na ampeleke mwanawe Ngome aliyoijenga Mreno mwaka 1593, amweleze nani aliingia na nani alitoka. Mwenye kukaa Malindi na aende Gede, akaone misikiti na nyumba za mawe zilizoachwa msituni, ajiulize pamoja na watoto wake waliozijenga wamekwenda wapi. Hiyo ndiyo ibra aliyotuamrisha Mola wetu, na yapatikana kwa nauli ya matatu. Na mwenye jirani wa kabila jingine ana safari nzima mbele ya mlango wake.

Tatu, mwenye uwezo na akazuru jamaa, wala asizuru mahoteli tu. Kuunga udugu ni ibada, na nyumba ya jamaa hufunza lisilofunzwa na hoteli, kwa kuwa hotelini mtoto hutumikiwa na watu wa nchi ile, na nyumbani hula nao sahani moja. Wako wanaoogopa kwamba dini ya watoto itadhoofika wakikaa na wasiokuwa Waislamu. Mimi naogopa zaidi dini inayosimama kwa kutowajua watu. Wanangu waliswali Malakisi swala zote tano, na yule bibi ndiye aliyekuwa akiwatekea maji ya kutawadhia.

Nne, na ndilo lililo zito zaidi, tuzichunge ndimi zetu barazani. Hapo ndipo penye skuli ya kwanza ya mtoto, na skuli hiyo haina likizo.

Siku ya kuondoka nilimwomba radhi yule bibi mbele ya wanangu. Nilimwambia kwamba lile neno halikuwa la mtoto, lilikuwa langu. Akaniambia kwamba alijua tangu siku ile. Katika gari la moshi nilikaa na watoto dirishani, na tulipofika Tsavo nikamwambia mwanangu, kwa kuchelewa kwa siku kumi, kwamba ndovu ni wa kijivu kama walivyochorwa, lakini hawa hujimwagia vumbi la nchi yao, na nchi yao ni nyekundu. Akaniuliza: "Kwa hivyo kitabu hakikusema uwongo?" Nikamwambia la, hakikusema uwongo, ila hakikuweza kusema yote. Nilipofika nyumbani nilikitoa kabatini nikampa dada yake mdogo, na yeye ndiye anayemsomea. Nami kila niwezapo nakaa nao, nauliza: ni nini hiki, na hiki je?

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitakase ndimi zetu kabla hajatuhesabu kwazo, na atujaalie watoto wetu wawe watulizo la macho yetu, wenye kuwatazama waja wake kwa jicho la haki na la huruma. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.